Hodi au samahani: lini `if`, lini `try`?

Mtu anajaza fomu, anaandika kiasi cha fedha, nawe unataka maandishi yale yageuke namba. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, unaweza kukagua kwanza kwa `isdigit` kabla ya kugeuza kwa `int`:

```python
if kiasi.isdigit():
    jumla += int(kiasi)
else:
    print("Andika tarakimu tu")
```

Au ukajaribu moja kwa moja, na mambo yakiharibika ukadaka:

```python
try:
    jumla += int(kiasi)
except ValueError:
    print("Andika tarakimu tu")
```

Wakikutana waandika programu watatu, hamkosi anayeapa kwa ya kwanza na anayeapa kwa ya pili, na wa tatu akiwaambia kwamba ni ladha tu, kama chai ya rangi na chai ya maziwa. Huyo wa tatu ndiye aliyekosea zaidi. Zipe hizi mbili maandishi yale yale uone.

Mtu akiandika "-500", ya kwanza inamfukuza, ya pili inampokea. Akiacha nafasi mwanzoni, " 500", ni vivyo hivyo. Aliye Muscat mwenye kibodi ya Kiarabu akiandika ٥٠٠, zote mbili zinaelewa kuwa ni mia tano. Sasa bandika "²", ile mbili ndogo ya mita za mraba iliyonakiliwa kutoka kwenye waraka fulani. `isdigit` inasema ndiyo, hii ni tarakimu. `int` inasema hapana. Programu inaanguka papo hapo, tena ndani ya ile ile `if` uliyoiweka ili isianguke.

Kisa ni kwamba `isdigit` ina maana yake ya tarakimu, na `int` ina maana yake ya namba, nazo hazilingani. Ulichokagua sicho ulichokwenda kukifanya. `try` imeepuka mtego huo kwa kumuuliza mwenye kazi mwenyewe: wewe `int`, hii unaiweza? Lakini usiikimbilie kwa furaha, kwa maana mwenye kazi naye ana mambo yake. Tangu Python 3.6, `int("1_000")` inarudisha 1000 bila kulalamika, wakati "1,000", jinsi kila mwenye duka anavyoandika elfu moja, inakataliwa. Tena ikiwa utaratibu wenu ni kwamba mkopo usizidi shilingi 3,000,000, hakuna `try` duniani itakayokuambia kwamba 9,000,000 ni nyingi. Kwa kompyuta hiyo ni namba nzuri kabisa.

Kwa asiyezoea: eksepsheni ni ishara ambayo fanksheni, yaani kipande cha programu kilichopewa kazi yake, huirusha inaposhindwa. Ikisharushwa, mistari iliyobaki inaachwa, na ishara inapanda kutoka fanksheni hadi ile iliyoiita, na iliyoiita hiyo, mpaka imkute aliyetega mkono wa kuidaka. Asipopatikana, programu inakufa na kuacha orodha ya mahali ishara ilikopita. Sharti, yaani `if`, halina safari: linauliza hapo hapo na kujibiwa hapo hapo.

Watu wa Python wameipa mitindo hii majina marefu ya Kiingereza. Mmoja unasema tazama kabla ya kuruka. Mwingine unasema ni rahisi kuomba radhi kuliko kuomba ruhusa, msemo ambao mara nyingi huhusishwa na Grace Hopper, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutengeneza vikusanyaji vya lugha za kompyuta, yaani programu zinazogeuza msimbo uwe lugha ya mashine. Kwetu maneno yapo tayari: hodi na samahani. Sisi tumelelewa kwenye hodi. Nimewafundisha vijana kadhaa, na karibu wote huanza na `if` juu ya `if`, ngazi sita kwenda kulia, kwa sababu kuingia bila kuuliza kunawakera hata kwenye msimbo.

Kati ya hodi na mlango

Ubaya wa hodi ni kwamba ina pengo. Umepiga, umeitikiwa karibu, na kabla hujavuka kizingiti mwenyeji ametoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye nyumba za watu ni nadra. Kwenye kompyuta hutokea kila siku, maana programu nyingi zinatembea kwa wakati mmoja katika faili zile zile na kanzidata (ghala la data) ile ile.

```python
if os.path.exists(njia):
    faili = open(njia)     # bado lipo?
```

Kati ya mstari wa kwanza na wa pili, mtu mwingine anaweza kulifuta faili, kulihamisha, au kubadilisha ruhusa zake. Jibu la `exists` lilikuwa kweli lilipotolewa, limechacha lilipotumika. Kwenye mfumo endeshi wa Unix pengo hili lina historia mbaya. Programu zinazoendeshwa kwa mamlaka ya juu zilikuwa zikiuliza kwa `access` kama mtumiaji ana haki ya kugusa faili, kisha zinalifungua kwa `open`. Mjanja alisubiri katikati, akaliondoa faili lile na kuweka mahali pake kiungo kinachoelekea kwenye faili asiloruhusiwa. Mlinzi kakagua kitambulisho cha mtu mmoja, aliyepita getini ni mwingine.

Mimi pengo hili nililijua kwa aibu. Niliandika mfumo mdogo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mweka hazina akipokea ujumbe wa malipo ya simu, anaingiza namba ya muamala, mfumo unatazama kama namba hiyo imeshaandikwa, na kama bado unaiandika. Nilijaribu mara nyingi mezani kwangu, haikuwahi kurudia muamala. Ilipofika siku ya mkutano, mweka hazina na katibu wakakaa meza moja kila mmoja na simu yake, wakaingiza muamala ule ule karibu kwa pamoja. Wote wawili mfumo ukawajibu "bado haijaandikwa", na wote wawili wakaandika. Mwanachama mmoja akawa amechanga mara mbili bila kutoa senti ya ziada, na mimi nikawa na wiki nzima ya kupitia daftari na wazee walioanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Kuongeza `if` nyingine kusingenisaidia hata kidogo. Dawa ilikuwa kuiambia kanzidata yenyewe kwamba safu ya namba ya muamala haikubali kurudiwa, kisha kuandika bila kuuliza na kudaka ikikataa:

```python
try:
    db.execute("INSERT INTO malipo (muamala, kiasi) VALUES (?, ?)",
               (muamala, kiasi))
except sqlite3.IntegrityError:
    print("Muamala huu umeshaandikwa")
```

Nikadhani nimemaliza. Baadaye nikagundua kwamba `IntegrityError` hurushwa pia safu isiyoruhusu utupu ikiachwa tupu, au mwanachama aliyetajwa asipokuwepo kwenye jedwali la wanachama, ukiwa umewasha ukaguzi huo. Kwa hiyo mtu aliyesahau kujaza kiasi alikuwa anaambiwa muamala umeshaandikwa. Eksepsheni ina jina pana kuliko jambo uliloliwaza, na ukiidaka kwa jina tu unaweza kumjibu mtu swali ambalo hakuuliza.

Njia ninayoitumia sasa iko katikati. Kanzidata za PostgreSQL tangu toleo la 9.5 na SQLite tangu 3.24 zina `ON CONFLICT DO NOTHING`:

```python
c = db.execute("""INSERT INTO malipo (muamala, kiasi) VALUES (?, ?)
                  ON CONFLICT (muamala) DO NOTHING""", (muamala, kiasi))
if c.rowcount == 0:
    print("Muamala huu umeshaandikwa")
```

Tazama kilichotokea: `if` imerudi, ila imehamia upande wa pili wa tendo. Kukagua na kuandika vimefanywa kwa pumzi moja na kanzidata, ambayo ndiyo pekee inayojua ukweli, halafu sharti linasoma matokeo. Ukiwa na nafasi ya kufanya hivi, acha ugomvi wa `if` na `try` wote.

Basi kipimo changu cha kwanza ni hiki: jibu la swali lako liko kwa nani? Ikiwa kitu unachokagua kiko mkononi mwako, ndani ya kibadilika (jina linaloshika thamani kwenye programu) ambacho hakuna mwingine anayekigusa, kagua kwa `if`. Ikiwa kiko kwa mwingine, iwe diski, mtandao, kanzidata au seva ya watu, `if` yako ni uvumi. Jaribu, udake.

Gharama

Hili hujadiliwa sana kuliko linavyostahili. Tangu Python 3.11, iliyotoka Oktoba 2022, kuingia ndani ya `try` pasipo kosa karibu hakuna gharama. Kinachogharimu ni eksepsheni inaporushwa: kuna kitu cha kuundwa, kuna njia ya kuandikwa. Lugha ya Java nayo hukusanya orodha nzima ya fanksheni zilizopitiwa kila eksepsheni ya kawaida inapoundwa. Ndiyo sababu lugha ya C# ina `int.TryParse` kando ya `int.Parse`: ya kwanza inarudisha kweli au uongo bila kurusha kitu.

Ukisoma faili lenye mistari laki tano na unajua nusu yake ni mibovu, tumia sharti. Ikiwa ni mstari mmoja kwa siku, usijisumbue. Na ukiwa unaita seva iliyo ng'ambo, inayochukua sehemu ya kumi ya sekunde kujibu, kujadili gharama ya `try` ni kuhesabu punje huku gunia limepasuka.

Makaburi mawili

Kila kambi ina maiti wake wa kuonyesha, na inafaa kuwatembelea wote wawili kabla ya kuchagua.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya mfumo wake wa kujua mwelekeo ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Ada na kurithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na mahali ambapo namba ya desimali ya biti 64 inageuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kupita 32,767. Vibadilika saba vilikuwa na hatari ya kufurika. Vinne vikalindwa; vitatu vikaachwa, kwa kuwa wahandisi walikuwa wamewekewa kikomo cha asilimia 80 ya nguvu ya kichakataji, na hesabu zilionyesha kwamba hivyo vitatu haviwezi kufika huko. Kwa Ariane 4 hesabu zilikuwa sahihi. Ariane 5 iliongeza kasi yake ya ulalo upesi zaidi. Sekunde 37 hivi tangu mitambo ianze kuwashwa, namba ikafurika, eksepsheni ikarushwa, na mfumo ukajizima. Mfumo wa akiba, uliokuwa na programu ile ile, ulikuwa umeshajizima kwa sababu ile ile muda mfupi tu kabla. Roketi ikapinda, ikavunjika, ikajilipua pamoja na satelaiti nne za uchunguzi.

Wapenzi wa `if` husema: sharti moja la "ikizidi, iache kwenye 32,767" lingeokoa kila kitu. Kweli. Ila kinachonishangaza zaidi ni kwamba eksepsheni ilifanya kazi kama ilivyoagizwa. Walioipanga waliamini kwamba eksepsheni yoyote ni dalili ya kifaa kuharibika, kwa hiyo dawa ni kukizima na kuhamia cha pili. Hawakuacha nafasi ya kosa lililo kwenye programu yenyewe, ambalo vifaa vyote viwili vinalo. Tena hesabu ile haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini.

Kaburi la pili liko upande wa masharti. Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya haraka ya msimbo wake unaohakiki mawasiliano salama ya intaneti. Msimbo ulikuwa wa C, lugha isiyo na eksepsheni, kwa hiyo kila hatua ilifuatwa na sharti: ikiwa kosa si sifuri, `goto fail`. Mahali pamoja mstari wa `goto fail;` ulikuwa umeandikwa mara mbili. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, hivyo ulitekelezwa kila mara, ukiruka hatua ya kuhakiki saini, huku kibadilika cha kosa kikiwa bado sifuri. Sifuri maana yake salama. Mlinzi akawa anaitikia "karibu" kwa kila anayepita.

Hapo ndipo uchovu wa masharti unapouma. Ukiyarudia mara kumi na tano mfululizo, jicho huacha kuyasoma. Eksepsheni ingeifuta mistari yote ile na kuacha hatua tupu, moja baada ya nyingine, zikisomeka kama barua.

Mkono mpana

Lakini eksepsheni nayo ina uchovu wake, nao una sura moja:

```python
try:
    m = tafuta_mwanachama(namba)
    m.salio += kiaso
    hifadhi(m)
    tuma_ujumbe(m.simu)
except Exception:
    pass
```

Umeona kosa? `kiaso` badala ya `kiasi`. Python italiona, itarusha `NameError`, na wewe mwenyewe utaimeza kimya kimya. Salio halitabadilika, ujumbe hautaenda, na hakuna atakayejua mpaka mwanachama aje kulalamika. Afadhali programu ingekufa, ungeamshwa usiku huo huo. Ukiandika `except:` bila jina lolote ndiyo mbaya zaidi, maana unadaka hata ule mkato wa Ctrl+C wa mtu anayejaribu kuisimamisha programu yako.

Ninapopitia kazi ya mwenzangu, kabla ya kuuliza kwa nini alitumia `try`, nahesabu mistari iliyo ndani yake. Ikipita miwili, nauliza: ni upi kati ya hii uliotarajia ushindwe? Mara nyingi jibu ni mmoja. Basi huo ubaki ndani, mingine itoke, au iingie kwenye `else` ya `try`, sehemu inayotekelezwa tu pasipo kosa, ambayo Python inayo na watu huisahau.

Lugha yako imeshachagua nusu

Ushauri wa Python hauhamishwi mzima mzima. Katika Python hata mzunguko wa `for` humalizika kwa eksepsheni ndani kwa ndani, `StopIteration`, kwa hiyo ukitumia `try` hapo huendi kinyume na mkondo. Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ilikwenda upande wa pili: kosa ni thamani inayorudishwa pamoja na jibu, nawe unaandika `if err != nil` mpaka kidole kiote sugu. Ina `panic` kwa mambo ya kuvunja nyumba, ila ukiitumia kwa faili lisilopatikana wenzako watakukodolea macho. Lugha ya Rust nayo hurudisha `Result`, bunda lenye ama jibu ama kosa, na alama ya `?` hukuondolea ile sugu. Kanuni za mwaka 2005 za kuandika C++ kwa ndege ya kivita F-35 zilikataza eksepsheni kabisa, kwa hoja kwamba zana za wakati ule hazikutosha.

Kwa wanaotunza mifumo ya zamani ya PHP, angalieni hili: kabla ya toleo la 8.0, PDO, njia yake ya kuongea na kanzidata, ilikuwa kimya swali la kanzidata likikosea. Ilirudisha `false` ukakague mwenyewe. Tangu 8.0 inarusha eksepsheni bila kuombwa. Msimbo ule ule, seva mpya, tabia nyingine. `if ($matokeo === false)` zako zote zimegeuka mapambo.

JavaScript ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa `fetch`, fanksheni yake ya kuita seva, inataka vyote viwili:

```javascript
try {
  const jibu = await fetch(anwani);
  if (!jibu.ok) {
    onyesha("Seva imekataa: " + jibu.status);
    return;
  }
  tumia(await jibu.json());
} catch (kosa) {
  onyesha("Mtandao umekatika, au jibu halisomeki");
}
```

Seva ikijibu 404 (haikupatikana) au 500 (seva imekwama), `fetch` haioni kosa lolote: barua imefika na jibu limerudi, hata kama jibu ni tusi. Hurusha tu mawasiliano yenyewe yanaposhindikana. Aliyeweka `catch` peke yake atapokea ukurasa wa kosa akidhani ni data. Aliyeweka `if` peke yake ataanguka basi likiingia bondeni na simu kukosa mtandao.

Fomu, halafu fedha

Nimalizie kwa kazi mbili ninazozifanya mara kwa mara, uone mkono wangu unakwenda wapi.

Namba ya simu kwenye fomu: `if`, bila kusita. Watu wataandika 0712, 255712, +255 712, na watakosea kila siku. Kukosea kwao ni jambo la kawaida ambalo lina jibu la kawaida, na maandishi yote yako mkononi mwangu. Naondoa nafasi na alama ya +, naondoa 0 au 255 ya mwanzo, nahesabu kama zimebaki tarakimu tisa, namwambia kwa upole. Kurusha eksepsheni hapa ni kupiga mbiu ya mgambo kwa sababu mtoto kamwaga maji.

Kutoa fedha kwenye akaunti: hapa wengi huandika `if salio >= 5000`, kisha wanapunguza. Ni lile pengo la mweka hazina na katibu tena, safari hii kwa fedha zinazotoka. Sharti nalipeleka ndani ya kanzidata:

```sql
UPDATE akaunti SET salio = salio - 5000
WHERE id = 7 AND salio >= 5000;
```

Ikibadilisha mstari mmoja, fedha imetoka. Ikibadilisha sifuri, salio halikutosha au akaunti haipo, na hiyo ni `if` ya kawaida kabisa. Muunganisho ukikatika kabla jibu halijarudi, hiyo ni eksepsheni, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hapo hujui kama fedha imetoka au haijatoka. Usirudie kutuma kwa pupa ndani ya `except`. Kila ombi lipewe namba yake ya kumbukumbu kabla ya kuondoka, namba hiyo iandikwe ndani ya muamala ule ule wa kanzidata unaopunguza salio, yote mawili yapite au yote yakwame, katika safu isiyokubali kurudiwa. Mtandao ukirudi, itafute kwanza. Ukiikuta, mpe mteja risiti yake. Usipoikuta, tuma tena kwa namba ile ile.